Dhahabu ya Kilwa, Mtaa wa Janelas Verdes

Treni inayotoka Coimbra huingia Lisbon ikiambaa na mto Tejo, na kabla hujatoka kituoni umekwisha kumkuta Vasco da Gama mara tatu. Kushoto kuna daraja lake, kilomita 17 ukihesabu na njia za kupandia, limepita juu ya maji mpaka ng'ambo huioni vizuri. Kando ya mto kuna mnara wake. Ukishuka Oriente, chini ya lile paa la vyuma na vioo alilolichora Santiago Calatrava, mlango unaokukabili ni wa jumba la maduka lenye jina lake. Daraja, mnara na kituo vilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1998, mwaka ambao Wareno waliadhimisha miaka 500 tangu nahodha huyo afike India.

Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko. Kwetu jina hilo linasomwa darasani kwa mistari michache, mtihani unapita, watu wanaendelea na shughuli zao. Kulikuta limeandikwa kwa herufi kubwa kiasi kile, saa nne asubuhi, begi liko mgongoni na chai sijanywa, kulinishtua kuliko nilivyotegemea.

Ilikuwa Ijumaa, Novemba 1, 2019, sikukuu ya Watakatifu Wote, na chuo kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa ujenzi Coimbra. Rafiki yangu niliyesafiri naye anatoka kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, na alikuwa anasomea uuguzi. Yeye ni Mmwani. Kimwani chake na Kiswahili changu vinasikilizana tukisema taratibu, na pale vinapoachana tunakopa Kireno. Tulitaka kutembea tu kama wanafunzi wenzetu walivyokuwa wakitembea kila wikendi: kupanda tramu za manjano, kupiga picha, kula vitu tusivyovijua. Ila nilikuwa na agizo. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia siku naondoka kwamba Lisbon kuna chombo cha kanisani kilichofuliwa kwa dhahabu ya Kilwa. Alikisoma kitabuni akiwa chuo cha ualimu, na picha aliyoiona ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe. "Ukifika, mwanangu, ukatuangalizie," alisema.

Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa tulianzia msikitini. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na jumuiya iliyoujenga ilianzishwa 1968 na watu ambao wengi wao asili yao ni Msumbiji. Upande wa wanawake walikuwepo akina mama wa Guinea-Bissau waliojifunga vilemba virefu, wasichana wa Bangladesh, na bibi mmoja wa Nampula aliyetuuliza sisi ni wa nani kabla hajatuuliza tunaitwa nani. Ni swali la kwetu kabisa. Tulipotoka hapo mji haukuwa mgeni tena kama asubuhi.

Mchana tukashuka Baixa, kitovu cha mji, na hapo naomba msomaji anivumilie, maana ndipo mahali nilipokuwa nimepasoma muda mrefu kabla ya kupaona. Tarehe hiyohiyo, Novemba 1, mwaka 1755, Lisbon ilipigwa na tetemeko la ardhi asubuhi watu wakiwa makanisani. Mishumaa ya sikukuu ikaanguka ikawasha moto, walionusurika wakakimbilia kando ya mto kutafuta uwazi, na baada ya muda bahari ikaja juu yao. Moto uliwaka siku kadhaa. Waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Kasri la mfalme lililokuwa pale ukingoni, ambapo leo ni uwanja mpana wa Praça do Comércio, halikubaki, wala haikubaki Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Asia na ya pwani yetu. Daftari zake ziliteketea. Nilisimama katikati ya uwanja ule nikifikiria karatasi hizo: hesabu za Sofala, barua za Kilwa, majina ya watu wetu yaliyoandikwa na makarani wasiojua kuyatamka. Sehemu kubwa ya habari zetu ilihifadhiwa kwenye mji wa watu wengine, na mji huo ukaungua.

Waliojenga upya chini ya waziri yule aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal walifanya jambo ambalo mhandisi yeyote analiheshimu. Ndani ya kuta za mawe waliweka fremu ya mbao, miti ya kusimama na ya kulala, na kati yake mingine imekatana kama herufi X. Kiunzi hicho wanakiita gaiola, maana yake kizimba. Tetemeko likija, ukuta wa mawe unaweza kumomonyoka lakini mbao zinayumba pamoja, na nyumba haianguki. Wanasimulia kwamba mfano wake ulijaribiwa kwa kuwaamuru wanajeshi watembee kwa kishindo kuuzunguka. Chini ya majengo hayo, kwenye udongo uliojaa maji ya mto, walipigilia magogo ya misonobari, na magogo hayo hayaozi maadamu yamebaki ndani ya maji. Nilimweleza rafiki yangu yote haya nikigongagonga kuta za watu kwa kidole. Mwenye duka moja alitoka kutazama, nami nikamweleza na yeye. Akaniitia mkewe.

Kwetu, kwenye mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, dari zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti zilipooza, dari zikaja chini, na zilizosalimika ni zile kuba na matao ya mawe matupu ya Msikiti Mkuu wa huko. Ndiyo sababu nilichagua kusomea ukarabati wa majengo ya kale, na ndiyo sababu, tulipopanda mpaka kanisa la Carmo ambalo halijaezekwa tangu siku ile ya 1755, sikuona huzuni wanayoiona watalii wengi. Matao yamebaki, anga iko wazi juu yake, na kuna mtu ameamua kwamba magofu yanatosha kutunzwa kama yalivyo. Niliandika hilo kwenye daftari la masomo, si la safari.

Jioni kulikuwa na baridi ya kukata. Kwenye kona za barabara walikuwa wanachoma castanhas, mbegu nene za kahawia zinazopasuliwa kidogo, zikanyunyiziwa chumvi na kugeuzwa juu ya mkaa mpaka ganda linakuwa jeupe kwa majivu. Unafungiwa kwenye karatasi, unakula unatembea, vidole vinapata joto. Tulinunua tena kabla ya kupanda treni ya Rossio kwenda Amadora, tulikoalikwa kulala.

Amadora ndiko alikokuwa akikaa shangazi yake rafiki yangu. Ghorofa la nne, lifti mbovu, na mlango wake ulipofunguliwa tukapokewa na harufu ya kisamvu cha nazi na karanga, ambacho wao wanakiita matapa. Shangazi alikuwa amekaa Ureno miaka mingi akisafisha ofisi na majengo ya maduka. Alikuwa akiondoka nyumbani alfajiri na basi la kwanza, basi ambalo, alivyotuambia, abiria wake karibu wote ni wanawake wa Kiafrika wanaojuana kwa majina, kila mmoja na jengo lake. Aprili ya mwaka ule kimbunga Kenneth kilikuwa kimepiga Cabo Delgado na kuibomoa Ibo karibu yote, na kwenye vijiji vya bara tayari kulikuwa na vita. Kila mwisho wa mwezi shangazi alituma pesa za mabati. Alituonyesha kwenye simu nyumba ya dada yake ilivyokuwa imefikia, akaniuliza mimi, kwa kuwa ni fundi, kama misumari ile ingetosha kuzuia upepo. Nikamwambia ukweli: haitoshi, waongeze vyuma vya kufungia kenchi kwenye ukuta. Akampigia dada yake usiku uleule, nikaeleza mimi mwenyewe kwa Kiswahili, na kule Ibo wakanielewa.

Jumamosi shangazi alikwenda kazini, sisi tukaenda Belém.

Tramu namba 15 ilijaa hadi mlangoni. Ukishuka, jengo la watawa la Jerónimos linaenea mbele yako lote kwa mara moja, jeupe, refu, mawe yake yamechongwa kamba za meli, makombe ya pwani, majani na mafundo. Mfalme Manuel I aliliasisi mwanzoni mwa karne ya 16, na lilijengwa kwa sehemu ya mapato ya biashara ya Afrika na Asia, asilimia tano kwa hesabu wanayoitaja. Nimesoma wenzetu wanaoandika juu ya Jerónimos kwa hasira tupu, na wengine kwa sifa tupu. Mimi nilipoingia kanisani nilitazama juu na sikuweza kusema neno. Nguzo ni nyembamba mno kwa dari zinayoibeba, zimepanda zikafunguka, na dari hiyo ya mawe ilistahimili tetemeko lililoangusha nusu ya mji. Mafundi wale walijua kazi. Kulisema hili hakuniondolei haki ya kusema na lingine.

Lingine liko karibu na mlango, upande wa kushoto ukiingia. Hapo ndipo alipolazwa Vasco da Gama. Alifariki India mwaka 1524, mifupa yake ikaletwa Ureno baadaye, na 1880 ikahamishiwa hapa. Jeneza ni la mawe, na juu yake sanamu yake imelala, viganja vimekutana kwa sala. Ubavuni imechongwa merikebu. Ng'ambo ya pili amelala Camões, mshairi aliyeiimba safari hiyo katika utenzi wake wa 1572, na ndani ya utenzi huo wametajwa watu wa Mombasa, Malindi na Kilwa. Watalii walikuwa wanapanga foleni kupiga picha, wazazi wakiwainua watoto waone.

Tulijua sote wawili kilichotokea katika safari yake ya pili. Julai 1502 alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala aliyekuwepo, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu. Miezi michache baadaye, karibu na pwani ya India, aliikamata meli iliyokuwa inarudisha mahujaji kutoka Makka, akaichoma moto na watu ndani yake, wanawake na watoto wakiwemo. Ni safari hiyohiyo moja. Rafiki yangu alinong'ona Fatiha kwa ajili ya mahujaji wale, hapohapo kanisani, mikono yake ameishusha ndani ya mifuko ya koti ili asimkere mtu. Nikamwitikia. Sidhani kama tulikuwa wa kwanza.

Mbele, karibu na madhabahu, majeneza ya mfalme Manuel na familia yake yamebebwa migongoni na tembo wa marumaru. Watoto wanawapenda sana. Mmoja alikuwa anamuuliza mama yake tembo hao wanatoka wapi, na mama akajibu Afrika, au India, hana hakika.

Pale nje, kando ya mto, kuna lile jengo refu la wavumbuzi, mita 52, lilifunguliwa 1960, watu wa mawe wamepangwa wakitazama maji. Mbele yake sakafuni kuna ramani ya dunia ya mawe ya rangi, na miaka imeandikwa mahali ambapo Wareno walifika. Watu wanatembea juu yake wakitafuta nchi zao. Tuliisogelea pwani yetu taratibu, Msumbiji, kisha juu kidogo, tukasimama pale ambapo Kilwa ingekuwa, Mhindi mmoja na mkewe wakiwa wamesimama umbali wa hatua chache, juu ya Calicut. Tukapungiana mikono.

Kuhusu keki zile za maziwa na mayai za Belém zinazouzwa tangu 1837, ni tamu, ziliwe zikiwa moto, na mdalasini unyunyizwe mwingi.

Usiku huo, wakati tunakula, nilimwambia shangazi habari za agizo la baba. Aliweka kijiko chini. Babu yake, alisema, alikuwa baharia wa jahazi, na alizoea kufika Mikindani na Kilwa kupeleka samaki wakavu na kuchukua nguo. Kilwa alikuwa anaisikia tangu mtoto. Miaka yote ile Lisbon hakuwa amewahi kuingia jumba la makumbusho, maana siku yake ya mapumziko ni moja na nguo za kufua hazimwishii. "Kesho nakwenda na nyinyi," akasema. Asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa kabla hatujaamka: kapulana mpya, kilemba, viatu vya sikukuu.

Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa ya Kale liko Mtaa wa Janelas Verdes, mlimani juu ya bandari, ndani ya kasri la manjano la karne ya 17. Limekuwepo tangu 1884. Kuna viambaza vya kukunjwa vya Kijapani vinavyoonyesha Wareno na pua zao ndefu wakishuka melini, na kuna michoro ambayo watu wanatoka mbali kuja kuitazama. Sikuitazama. Nilimuuliza mlinzi wa kwanza niliyemwona njia ya vyombo vya dhahabu, na shangazi akanitangulia.

Ni monstransi, chombo cha kuwekea Ekaristi ili waumini waiabudu, na jina lake ni Custódia de Belém. Kimewekwa ndani ya sanduku la kioo, taa zinakimulika, na urefu wake haujafika mita moja. Nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa zaidi. Kadiri nilivyosogea ndivyo kilivyoongezeka. Juu kimejengwa kama kanisa dogo lenye minara ya ncha, kila ncha nyembamba kama mwiba wa samaki. Chini ya minara ananing'inia njiwa mweupe mwenye mabawa wazi. Katikati, kuizunguka nafasi ya hostia, wamepiga magoti Mitume kumi na wawili, kila mmoja na joho la rangi yake, rangi za kioo kilichoyeyushwa juu ya dhahabu, buluu, kijani, nyekundu, na nyuso zao hazifanani. Mmoja ameinua kidevu. Mwingine ana kipara. Kwenye shina kuna matufe sita ya falaki, nembo ya mfalme Manuel, na kwenye kitako wametambaa ndege, konokono, maua na matunda. Kazi hiyo inanasibishwa na Gil Vicente, mfua dhahabu wa mfalme.

Maandishi yamezunguka ukingo wa kitako. Inabidi uiname na uzunguke nayo. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika 1506. Nililisoma jina la kwetu kwa tahajia ya Wareno, nikalisoma tena kwa sauti, na mlinzi akaja karibu. Nikamwambia ninatoka huko. Alinitazama, akatazama maandishi, kisha akasogeza kamba kidogo ili niweze kupita upande wa nyuma.

Shangazi alikuwa ameinama muda mrefu zaidi yetu. Cha kwanza alichosema kilikuwa cha kazi yake. "Kioo hiki kinafutwa kila usiku, na anayekifuta ana mkono mwepesi. Hakuna hata mchirizi." Kisha akauliza kilivyofika hapo, naye hakutaka kwa ufupi.

Basi nikamweleza, palepale, kama baba alivyonieleza mimi tukiwa tumekaa kwenye ngazi za kasri la kale la Husuni Kubwa. Kwamba Kilwa haikuwa na mgodi wowote. Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikabebwa kwa miguu mpaka Sofala, na kutoka Sofala ikapanda kwa majahazi mpaka Kilwa, ambako masultani waliitoza ushuru kabla haijaenda Aden, Hormuz na Gujarat. Kwa ushuru huo walijenga Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa yenye birika la pembe nane, na wakapiga sarafu zao wenyewe za shaba. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Kufikia 1502 nguvu zilikuwa zimepungua, wakubwa wanagombania kiti, na ndipo zikaja merikebu. Kodi ya Amir Ibrahim iliwasili Lisbon 1503. Mwaka 1505, mfua dhahabu akiwa bado anainamia Mitume wake, Francisco de Almeida alishuka Kilwa na askari, wakaupora mji, wakajenga ngome. Chombo kilipokamilika 1506, mji ulioilipa dhahabu hiyo ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na biashara ya Sofala imeshikwa na Wareno. Walikaa Kilwa mpaka 1512, wakaondoka, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuwaweka.

"Sofala ni kwetu," shangazi akasema. "Kwa hiyo ilipita Msumbiji kwanza."

"Sofala ni mbali na Ibo, shangazi," rafiki yangu akamjibu.

"Pwani ni moja. Na hao waliochimba, wameandikwa wapi?"

Tukazunguka kitako chote kutafuta, ingawa nilijua hawapo. Swali lake lilinikaa kuliko yote niliyoyasoma darasani kuhusu Kilwa. Nilikuwa nimekuja nikidhani hii ni dhahabu yangu, na ninayedai ni mimi. Lakini wa kwanza kuishika alikuwa mtu aliyeshuka shimoni huko bara, labda mwanamke aliyechekecha mchanga mtoni, na sultani wetu naye alimtoza bila kumwona. Hilo halipunguzi ubaya wa mizinga ya 1502. Linaongeza watu wanaostahili kutajwa.

Watu huniuliza kama nataka chombo kile kirudishwe. Jibu langu nimelifikiria. Kazi ya mikono ni ya Lisbon, imani iliyokichonga ni ya Wakristo wa huko, na dhahabu iliondolewa kwetu kwa vitisho, jambo ambalo wenyewe wameliandika kwenye kitako na hawalifichi. Nataka kije Kilwa. Kije kwa maonyesho, kikae mwaka mzima, kiwekwe mahali ambapo watoto wa Masoko na Kivinje na wavuvi wa Kisiwani wanaweza kuinama na kusoma jina la mji wao, na akina mama wa Sofala na wa Masvingo kule Zimbabwe walipiwe nauli waje. Na pale Lisbon, karibu na sanduku la kioo, iwekwe picha kubwa ya kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa, ili mtu akitazama Mitume aone na nyumba ambayo ushuru wa dhahabu ya namna hii uliijenga kabla. Si maombi makubwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na jengo la Jerónimos, ambalo mfalme alilirithisha chombo hiki, ni urithi wa dunia tangu 1983. Ni majirani kwenye orodha moja.

Nilipiga picha za kitako upande kwa upande, herufi kwa herufi, maana nilijua baba atataka kusoma mwenyewe. Kisha tukatoka bustanini nyuma ya jumba, mahali unapoona makontena ya bandari na mto, tukampigia. Sauti ilikatikakatika. Aliuliza rangi ya dhahabu yenyewe, kama ni ya manjano au inaelekea wekundu. Nikasema manjano iliyokolea. Akauliza ukubwa wa herufi. Akauliza kama kuna mtu mwingine anakitazama. Shangazi akaichukua simu, akamsalimu kwa heshima, na wakaongea muda mrefu kuhusu jahazi la babu yake, watu wawili ambao hawajawahi kuonana, wakitajiana majina ya manahodha wa zamani mpaka salio likaisha.

Treni yetu ya kurudi Coimbra iliondoka Santa Apolónia jioni, nasi tulikuwa na vipindi asubuhi yake. Shangazi alitusindikiza mpaka behewani na chakula kwenye mfuko.

Januari, rafiki yangu alinisomea ujumbe uliotoka Amadora. Shangazi alikuwa amerudi Janelas Verdes, safari hii na wanawake wa basi la alfajiri, wa Cape Verde, wa Angola na wa Guinea-Bissau. Aliwasimamisha mbele ya kioo akawaeleza mwenyewe, akianzia machimboni Zimbabwe, akashuka Sofala, akapanda Kilwa, na kwa Vasco da Gama akafika mwisho kabisa. Alipomaliza, yule wa Guinea-Bissau akauliza kama na wao wana kitu chao humo ndani. Hakuna aliyejua. Wakagawana vyumba wakaenda kutafuta, mpaka walinzi walipokuja kuwaambia kwamba wanafunga.